UZI: Lugha ya jukwaani kwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho Mwanza (kulia ni kwa nani, juu ni wapi, nani anaita taa)

#1 Mwl_Jukwaa

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wanafunzi wa sanaa za maonyesho na vikundi vya maigizo vya shule hapa kwetu, kuanzia mjini hadi Nyegezi, Igoma na Kisesa. Muda mwingi wa mazoezi unaliwa na maswali ambayo yangeisha siku ya kwanza: kulia ipi? Nyuma ya nini? Nani anasema taa zizimwe? Waigizaji wamesimama, mwongozaji anaelekeza kwa vidole, na saa inakwenda. Naanza na ramani ya jukwaa. Wenye ujuzi wa seti, taa na umeneja wa jukwaa naomba waongezee.

Kanuni ya kwanza: kulia na kushoto ni vya mwigizaji aliyesimama jukwaani akiitazama hadhira. Si vya mwongozaji aliyekaa kitini. Kosa hili karibu kila mara hutoka kwa mwongozaji, kwa sababu yeye ndiye anayeona kinyume. Kwa hiyo kazi ya kugeuza pande ni yake kabla hajafungua mdomo. Akimwachia mwigizaji akisie, kila mtu atakisia kivyake na wawili watagongana katikati.

Kanuni ya pili: upande ulio karibu na hadhira ni chini, ulio mbali nayo ni juu. Anayesogea kuelekea watu anashuka, anayerudi kuelekea ukuta wa nyuma anapanda, hata kama sakafu ni bapa kabisa.

Gawa jukwaa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kina. Jukwaa la mita 6 kwa mita 4.5 linakupa vyumba tisa vya mita 2 kwa mita 1.5. Vifupisho vinahitaji uangalifu kidogo, maana kati, kulia na kushoto vyote vinaanza na K. Tumia J (juu), T (katikati) na C (chini) kwa herufi ya kwanza, kisha L (kulia), T (kati) na S (kushoto) kwa ya pili:

JL | JT | JS
TL | TT | TS
CL | CT | CS
——— HADHIRA ———

Angalieni: kwenye karatasi, kulia kwa mwigizaji kunaangukia kushoto kwa msomaji. Ni sahihi, msiibadilishe.

Mwendo wa kutoka chumba kimoja kwenda kingine andika kwa mshale pembeni ya maneno, kwa penseli: "→ CL". Kalamu ya wino isiguse tamthilia ya mazoezi, kwa sababu miondoko itabadilika, na mistari iliyokatwakatwa haisomeki gizani.

#2 NyotaWaNyegezi

Mwalimu, shikamoo. Nimeelewa kulia na kushoto. Ila hiyo "juu" bado inanisumbua. Ukumbi wetu sakafu ni bapa, kwa nini tusiseme tu mbele na nyuma?

#3 Mwl_Jukwaa

Marahaba mwanangu. Jina limetokana na umbo. Majukwaa mengi ya zamani ya Ulaya yalijengwa kwa mteremko, nyuma yakiinuka na mbele yakishuka, ili waliokaa chini waone waigizaji wote. Mteremko umeondolewa kwenye kumbi nyingi, majina yakabaki.

Ila sababu ya kuyatumia leo ni ya kazi. "Nyuma ya jukwaa" kwa watu wengi ni kule kwenye chumba cha kubadilishia maleba. Ukimwambia mwigizaji "rudi nyuma ya jukwaa", mmoja ataenda JT na mwingine atatoka kabisa. Vilevile "mbele" inaweza kuwa mbele yake yeye anakotazama. "Juu" na "chini" hazina mkanganyiko huo, mradi kikundi kizima kimekubaliana.

#4 Igoma_Drama

Naomba kuongezea mkao wa mwili, kwa sababu unakwenda pamoja na ramani.

Uso na kifua vikiielekea hadhira kabisa, huo ni mkao wazi. Geuka kidogo, nyuzi kama 45, unapata robo. Geuka nyuzi 90, ni ubavu. Endelea hadi hadhira ione shavu moja tu, ni robo tatu, kisha mgongo. Kwa mazungumzo ya kawaida ya watu wawili, mkao wa kuanzia ni robo kwa kila mmoja. Wote wawili wanaonekana kuongea wao kwa wao, lakini sauti na macho vinafika kwa watu. Wanafunzi hupenda kusimama wote katika mkao wa ubavu wakitazamana kama nyumbani, na matokeo yake nusu ya ukumbi inaona sikio la mtu mmoja na kisogo cha mwingine.

Kuna kosa linaitwa kumpandia mwenzako. Wawili wanaongea katikati, mmoja anajivuta hatua mbili juu. Yule wa chini sasa ili amtazame lazima aipe hadhira mgongo. Aliyepanda anaonekana peke yake. Wakati mwingine mwongozaji hulitaka kwa makusudi, mathalani chifu akihukumu mtuhumiwa, hapo ni sawa. Lakini likitokea lenyewe, dawa ni wote wawili kusimama kwenye mstari mmoja wa kina. Wekeni kipande cha tepu sakafuni mpaka miguu izoee.

Na mwenzako akikatiza mbele yako kutoka kulia kwenda kushoto, usibaki umeganda. Chukua hatua moja au mbili upande alikotoka ili jukwaa lisielemee upande mmoja. Hiyo tunaita kusawazisha. Ifanyike polepole, bila kuvuta macho.

#5 NyotaWaNyegezi

Asante sana kaka. Swali: sisi hatuna pazia wala pembe za kujifichia. Ukumbi ni mstatili mtupu wenye mlango mmoja na madirisha. Tunajificha wapi kabla ya kuingia?

#6 FundiSeti_MZA

Dada, hapo ndipo panapohitajika paneli. Paneli ni fremu ya mbao iliyovishwa kitambaa, inasimama kama ukuta. Nne zinatosha kuanzia: mbili kila upande wa jukwaa, moja chini na moja juu, zikiacha pengo la mita 1 hivi la kupita. Pengo hilo ndilo mlango wa kuingilia, na nyuma yake ndiyo pembe.

Kipimo kizuri ni mita 2.4 kwa mita 1.2, sawa na shiti moja ya plaiwudi, hivyo unaweza kuvisha plaiwudi baadaye ukitaka. Chukua mbao za inchi mbili kwa moja zilizonyooka. Mbao ya juu na ya chini ziwe na urefu wote wa mita 1.2, na nguzo mbili za pembeni zikae kati yake. Kwa mbao ya upana wa sentimita 5, nguzo itakuwa mita 2.30. Wengi hufanya kinyume, nguzo zinafika hadi sakafuni. Paneli ikiburutwa, ncha ya nguzo inakwama kwenye sakafu na kupasuka. Weka mbao ya tatu ya kukatiza katikati ili fremu isipinde.

Kila kona funga pembetatu ya plaiwudi yenye pande za sentimita 25, kwa gundi ya mbao na misumari mifupi au skrubu. Iingize ndani sentimita 2 kutoka ukingo, ili paneli nyingine iweze kubana pembeni yake bila kuacha mwanya.

Kitambaa: marikani. Anza kupigilia katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona, ukikaza kwa wastani tu. Marikani ni pamba, ikipata rangi ya maji inajikaza yenyewe. Ukiivuta hadi ilie kama ngoma tangu mwanzo, rangi ikikauka inapinda fremu. Koti la kwanza liwe rangi ya maji iliyozimuliwa, la pili ndilo la rangi kamili.

Kusimamisha: kiegemeo cha mbao kutoka mita 1.6 juu ya paneli hadi sakafuni, mguu wake ukiwa kama mita 1 nyuma, juu yake kiroba cha mchanga cha kilo 20. Kila paneli na kiegemeo chake. Kuegemeza kwenye kiti ni kutafuta ajali, kwa sababu mtu akipita kwa kasi gizani atakigusa kiti, si paneli.

Kisha kagua mistari ya macho. Kaa kiti cha mwisho kushoto safu ya mbele, halafu cha mwisho kulia. Mtu asimame kwenye pembe. Ukimwona, yeye pia anakuona, na paneli inahitaji kugeuzwa. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kupaka rangi, maana huenda ukahitaji paneli ya tano.

#7 Igoma_Drama

Mkuu FundiSeti, umetoa madini. Na kwenye uwanja wa wazi? Vikundi vingi huku vinaonyesha viwanjani, watu wanazunguka pande zote. Hapo juu na chini ni wapi?

#8 Mwl_Jukwaa

Swali zuri. Hadhira ikiwa upande mmoja, ramani ya vyumba tisa inatosha. Ikikaa pande tatu, bado inatosha, chini ni ule upande wa katikati. Ikikaa pande mbili zinazotazamana, taja pande kwa majina, mfano "mlangoni" na "ukutani". Ikizunguka kabisa, ramani inakufa. Hakuna chini.

Na huo mzunguko si mgeni kwa Wasukuma. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma pale Bujora, Bagika na Bagalu (makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana) wanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanaelekea kunakowavutia. Hadhira inazunguka, inahama, na wachezaji wanalazimika kuwa na uso kwa kila upande. Mwanafunzi wa maigizo akaangalie namna kundi linavyogeuka ili kila upande upate zamu yake, na namna majembe ya ngoma ya bugobogobo yanavyorushwa juu hadi walio nyuma kabisa wayaone. Hilo ni somo la jukwaa la duara.

Kwa mazoezi, tumieni uso wa saa. Wapiga ngoma au wanamuziki wakae saa sita. Hapo kuna mtego: saa sita yetu ni pale juu ambapo saa ya ukutani imeandikwa 12. Mwingine akisema "nenda kumi na mbili" akimaanisha tarakimu, na mwenzake akasikia saa kumi na mbili ya jioni, wataenda pande mbili zinazopingana. Kubalianeni kutumia saa za Kiswahili tupu: saa sita kwenye ngoma, saa tisa kulia kwa anayetazama ngoma, saa kumi na mbili mkabala wa ngoma, saa tatu kushoto. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa tamthilia.

Acheni njia mbili hadi nne za kuingilia, kila moja upana wa mita 1.5, na kamba ya kuzuia watoto wasikae humo. Faida yake si kuingia na kutoka tu. Mwigizaji anaposimama muda mrefu, asimame mgongo ukielekea njia. Hapo mgongo wake haumzibi mtu yeyote. Na wawili wanaozungumza wasimame kwa mshazari, kila mmoja na njia nyuma yake, umbali wa mita 2 au zaidi. Wakikaribiana sana katikati, wanageuka ukuta.

#9 FundiSeti_MZA

Nyongeza kwa wa viwanjani. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Ukiwapa waigizaji mgongo kwa ziwa, upepo unapeleka sauti kwa watu. Lakini upande wa mjini, kuanzia Kirumba hadi Capri Point, ziwa liko magharibi. Kuanzia saa kumi jioni hadhira itakuwa inatazama jua moja kwa moja na nyuso za waigizaji zitakuwa nyeusi. Sauti inataka hivi, macho yanataka vile. Ushauri wangu: onyesho la adhuhuri, mgongo kwa ziwa. La jioni, zungusha jukwaa ili jua lipige kwa ubavu, na usogeze hadhira karibu kufidia sauti. Paneli za kitambaa uwanjani ziongezewe kiroba cha pili, au ziachwe kabisa upepo ukishakuwa mkali. Paneli moja ina karibu mita 3 za mraba, hilo ni tanga.

#10 Sauti_na_Taa

Habari wakuu. Niseme ya taa kwa ufupi, maana hapa ndipo vifaa huungua.

Soketi yetu ya kawaida ni ampea 13 kwa volti 230, hesabu inakupa wati 2,990. Usifike huko. Chukua wati 2,000 kama mwisho kwa soketi moja, yaani taa nne za halojeni za wati 500. Jagi la chai na kompyuta ya muziki vipate soketi nyingine. Waya wa ekstensheni wa kuviringisha ufunguliwe wote hata kama unahitaji mita 3 tu, kwa sababu ukiwa umeviringwa joto halitoki na plastiki inayeyuka kutoka ndani ambako huoni. Taa za LED zinakula umeme kidogo sana na ndizo za kununua mkipata fungu.

Mahali pa kuweka: Stanley McCandless wa Yale, Marekani, ndiye aliyeeneza njia ambayo bado inafundishwa, ya kumulika kila eneo kwa taa mbili za mbele, moja kila upande kwa nyuzi 45, nazo zikiwa juu kwa nyuzi 45. Upande mmoja rangi ya joto, upande wa pili ya baridi. Uso unapata umbo badala ya kuwa bapa.

Nyuzi 45 kwenda juu inamaanisha hivi: taa ikiwa mita 4 kutoka sakafuni, na uso wa mwigizaji uko mita 1.6, tofauti ni mita 2.4, basi taa iwe mita 2.4 mbele yake kwa mlalo. Sasa angalieni stendi za shule, nyingi hazizidi mita 3. Wakiziweka mita 4 mbele ya mwigizaji, mwanga unakuja karibu mlalo, vivuli vinapanda ukuta wa nyuma, na mtu mmoja anaonekana watatu. Inua stendi, au waambie waigizaji wakae mbali na ukuta, angalau mita 2, kivuli kishuke chini zaidi ukutani. Taa ikifungwa kwenye boriti iwe na mnyororo wa usalama pamoja na kile kibanio chake.

Usifunge mfuko wa plastiki wa rangi mbele ya halojeni. Utayeyuka, na unaweza kuwaka. Karatasi za rangi za jukwaani zimetengenezwa kuvumilia joto. Usiku, karibu na ziwa, taa nyeupe inaita wadudu hadi mdomoni mwa mwigizaji. Weka taa moja nyeupe kali mbali, kando ya uwanja, na jukwaani tumia rangi ya kaharabu.

#11 NyotaWaNyegezi

Asante sana kaka. Na nani anawaambia watu wa taa wabadilishe lini? Kwetu mwongozaji anapunga mkono kutoka safu ya mbele.

#12 MezaYaVifaa

Dada, hiyo ni kazi ya meneja wa jukwaa, na mwongozaji akishamaliza mazoezi ya mwisho anakaa na hadhira. Onyesho ni la meneja.

Meneja anatunza kitabu kikuu. Toa nakala ya tamthilia upande mmoja tu wa karatasi, uiweke kwenye faili la pete. Ukurasa wa kulia una maneno, wa kushoto ni mtupu, hapo unachora ramani ndogo ya vyumba tisa na kuandika ishara zote. Kila ishara ina namba, na namba za taa haziingiliani na za sauti. Mfano:

*Taa 7. Mama: "Fungua mlango." Zishuke TL na CL, sekunde 5.*
*Sauti 3. Pamoja na Taa 7. Mbwa anabweka, mara mbili.*

Anaita kwa hatua mbili. Karibu nusu ukurasa kabla: "Taa 7 na Sauti 3, kaeni tayari." Wahusika wanajibu "tayari". Neno likifika: "Taa 7 na Sauti 3… piga." Namba kwanza, "piga" mwisho. Neno hilo la kutekeleza lichaguliwe moja, na wakati wa onyesho lisitamkwe kwa jambo lingine lolote. Meneja akisema "usipige bado", mtu wa taa amesikia "pige" na kidole kimeshashuka. Badala yake aseme "subiri".

Ishara ifungwe kwenye neno la mwisho la sentensi au kwenye tendo linaloonekana, mfano mkono unapogusa kitasa. Usiifunge kwenye "akimaliza kuhuzunika". Hakuna anayejua mtu amemaliza lini kuhuzunika.

Miito kabla ya kuanza, kwa utaratibu wa Uingereza: "nusu saa" huitwa dakika 35 kabla ya pazia, "robo" dakika 20, "dakika tano" dakika 10, na wanaoanza huitwa mahali pao dakika 5 kabla. Kila mwito umetangulia kwa dakika tano kwa sababu unahesabu hadi ule wa wanaoanza, si hadi pazia. Baada ya mwito wa nusu saa, hakuna mwigizaji anayetoka kwenda dukani.

Meza ya vifaa iwe moja kila upande. Tandika karatasi ya kaki, weka kifaa, chora umbo lake, andika jina lake na la mhusika. Ukipita gizani na tochi unaona pengo mara moja: kikombe hakipo. Aliyekitumia anakirudisha mwenyewe, hakuna kumpa rafiki amshikie.

#13 Igoma_Drama

Maneno ya ndani ya maandishi sitayarefusha, yapo kwenye somo la fasihi. La kutenganisha ni haya mawili tu. Uzungumzi nafsi: mhusika yuko peke yake au anajiona yuko peke yake, anafikiri kwa sauti. Kando: wenzake wapo jukwaani ila hawamsikii, hadhira inamsikia. Kwa kando, waliobaki wasigande kama sanamu. Waendelee na shughuli ndogo isiyo na sauti, na anayesema ashuke nusu hatua, sentensi ikiisha arudi kwenye mkao wake.

#14 Sauti_na_Taa

Na mvua juu ya bati? Amueni mapema. Meneja awe na ishara moja ya kusimamisha: taa za ukumbini ziwake nusu, waigizaji wakae walipo, mvua ikipungua wanarudia kuanzia mwanzo wa ukurasa. Kujaribu kuishinda mvua kwa kupiga kelele kunaua koo. Sauti ya jukwaani inasukumwa na pumzi kutoka tumboni, kooni pawe pamelegea. Ukisikia koo linawasha baada ya dakika kumi, unapiga kelele.

#15 NyotaWaNyegezi

Swali la mwisho wakuu. Hizo alama za sakafuni, tepu gani? Tulitumia selotepu ya kahawia, mwenye ukumbi amelalamika gundi imebaki.

#16 MezaYaVifaa

Achana nayo. Kwa mazoezi ya siku chache tumia tepu ya karatasi ya mafundi rangi, lakini itoke ndani ya siku mbili au tatu, ikikaa sana nayo inaganda. Kwa muda mrefu, tepu ya umeme ya plastiki: ni nyembamba, ina rangi nyingi, na kwenye vigae au terazo inatoka safi. Ilaze bila kuivuta. Ikivutwa inajirudi, ncha zinanyanyuka, viatu vinaibeba.

Usizungushie samani nzima. Weka alama ya L kwenye miguu miwili ya upande wa juu tu, hadhira haitaiona, na anayepanga gizani anapata kiti chake haraka. Rangi moja kwa kila onyesho la ndani ya tamthilia. Tepu inayong'aa gizani muibandike kwenye ukingo wa jukwaa na vizingiti, vipande vya sentimita 3, na muimulike kwa taa kwa dakika chache kabla watu hawajaingia, maana bila kupata mwanga kwanza haing'ai.